Namna ya kufundisha safari ya vifusi baada ya chombo cha anga kugonga asteroidi, kwa beseni la mchanga

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Septemba 2022, saa nane na dakika 14 kwa saa za Afrika Mashariki, chombo cha Marekani kiitwacho DART kilijigongesha kwa makusudi kwenye Dimorphos, ili kujaribu kama kinaweza kuisukuma. Dimorphos ni asteroidi, yaani gimba la mawe la angani, yenye upana wa mita 150 hivi inayoizunguka asteroidi kubwa zaidi iitwayo Didymos. Tukio hilo lilitokea umbali wa kilomita milioni 11 kutoka duniani. Wanafunzi wengi wakisimuliwa habari hiyo huuliza chombo kilipatwa na nini, na ni wachache wanaouliza mawe na vumbi vilivyoruka vilikwenda wapi. Mwongozo huu unamsaidia mwalimu wa sayansi, au mlezi wa klabu ya sayansi, kulijibu swali hilo la pili mbele ya darasa, kwa sababu vifusi ndivyo vilivyofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuisukuma asteroidi ile, na asiyevifuatilia hawezi kuelewa kwa nini jaribio lenyewe lilifanikiwa.

Vifaa na mahali

Vifaa vyote vinapatikana Dodoma bila kuagiza chochote. Tafuta beseni lenye upana usiopungua sentimita 50 na kina cha sentimita 15, mchanga mkavu wa korongoni, ule ule unaouzwa kwa mafundi ujenzi, uliochekechwa vizuri, vumbi jekundu la uwanjani, unga kidogo wa muhogo au wa sembe, konzi moja ya kokoto ndogo, gololi ya chuma iliyotolewa kwenye beringi chakavu, futi ya fundi, kitambaa cheusi, na simu inayoweza kurekodi video ya mwendo wa pole. Utahitaji pia ungo, uwele uliopurwa lakini haujapepetwa, na bembea ya kamba. Wapo wanaotumia chokaa badala ya unga kwa kuwa weupe wake ni mkali zaidi. Mimi siiruhusu, kwa sababu chokaa ikiingia machoni huunguza, na katika zoezi hili ni lazima kitu kiruke.

Fanyia zoezi ndani, madirisha yakiwa yamefungwa. Mara ya kwanza nilipolifanya nilitoka nalo uwanjani, mwezi wa Agosti, saa sita mchana, na anayeujua upepo wa Dodoma wa majira hayo anaweza kukisia kilichofuata: kisulisuli kilipita, kikauzoa unga wote kabla gololi haijaachiwa, tukarudi darasani tukiwa na nyusi nyeupe.

Anza na mgonga kokoto

Kabla ya kugusa beseni, wakumbushe wanafunzi jambo ambalo wengi wao wamekwisha kuliona. Pembezoni mwa mji, penye vilima vya mawe, wapo watu wanaojipatia riziki kwa kugonga kokoto kwa nyundo. Mama anayegonga kokoto hufumba macho kidogo na kugeuza uso kila nyundo inaposhuka. Haiogopi nyundo, maana ameishika mwenyewe. Anachokwepa ni vipande vinavyomrukia yeye, kule kule nyundo ilikotokea. Mwulize mwanafunzi: ikiwa kipande kinarudi upande wa nyundo, basi jiwe lenyewe linasukumwa kuelekea wapi? Liache swali hilo likae bila jibu. Utalirudia kwenye bembea.

Beseni

Jaza mchanga hadi kimo cha sentimita 10, uusawazishe kwa ubao bila kuugandamiza. Nyunyiza vumbi jekundu hadi liufunike mchanga, kisha nyunyiza unga juu yake, tabaka jembamba tu, mpaka uso wote uwe mweupe. Weka simu ubavuni mwa beseni, kamera ikiwa sawa na ukingo, na utundike kitambaa cheusi upande wa pili ili chembe zinazoruka zionekane. Mwanafunzi mmoja asimame juu ya kiti imara, apime mita 2 kutoka kwenye uso wa mchanga, aiachie gololi. Aiachie tu, asiirushe, ili kila jaribio lianze na mwendokasi ule ule. Wengine wote wakae nyuma ya hatua mbili.

Ukiitazama video kwa mwendo wa pole utaona kitu ambacho jicho halikukiona. Gololi huzama na kupotea, na ndipo kuta za mchanga huinuka pembeni mwake kama faneli inayopanuka, chini ikiwa nyembamba na juu ikiwa pana. Ukingo wa juu wa faneli hiyo hauinuki ukiwa mzima, bali huchanika na kuwa nyuzi nyuzi. Kila uzi ukianguka huacha mwale juu ya unga, na miale hiyo ni myekundu, maana vumbi lililokuwa chini sasa limelala juu. Watake wanafunzi wachore wanachokiona kabla ya mtu yeyote kugusa beseni, waandike upana wa shimo na urefu wa mwale mrefu kuliko yote, kisha warudie kutoka mita 1 na kutoka sentimita 50.

Faneli ya namna hiyo ilipigwa picha angani. Siku 15 kabla ya kugonga, DART ilikiachia chombo kidogo cha Italia kiitwacho LICIACube, ambacho kilipita karibu na Dimorphos dakika tatu hivi baada ya tukio na kupiga picha za vifusi vikiinuka. Zilionekana nyuzi, mafundo na miale kama ile ya beseni. Tofauti iko kwenye upana: faneli ya mchanga wa kawaida hufunguka kwa takriban digrii 90, ilhali ile ya Dimorphos ilikadiriwa kuwa kati ya digrii 125 na 140.

Sasa rudia jaribio la mita 2, lakini kwanza chomeka kokoto kumi hivi mchangani na uilenge gololi ishuke katikati ya kokoto mbili. Miale haitatoka sawasawa pande zote; itakusanyika kwenye mafungu na kuacha mapengo. Dimorphos haikuwa na uso laini hata kidogo, ilikuwa rundo la mawe, na DART iliangukia kati ya mawe mawili makubwa ambayo baadaye yaliitwa Atabaque na Bodhran. Yote mawili ni majina ya ngoma, moja ya Brazil na jingine ya Ireland, kwa kuwa mawe ya Dimorphos hupewa majina ya ala za kupigwa. Katika nchi ya Ugogo, wanakopiga muheme, mwalimu hatahitaji kueleza sana kwa nini mtu alione jiwe na kukumbuka ngoma.

Mahali ambapo beseni linadanganya

Sehemu hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, nami naiona kuwa muhimu kuliko beseni lenyewe. Mwanafunzi akiondoka akiamini kwamba asteroidi ni beseni kubwa lililoning’inia angani, utakuwa umemfundisha kosa kwa mikono yako mwenyewe.

Uongo wa kwanza ni wa mwendokasi. Gololi iliyoachiwa kutoka mita 2 hufika mchangani kwa takriban mita 6.3 kwa sekunde. DART ilifika kwa takriban kilomita 6.1 kwa sekunde, yaani karibu mara elfu moja ya hiyo. Kwa mwendo huo chombo hakizami kama gololi na kubaki kizima. Husambaratika papo hapo, na nishati yake hulipuka ndani ya mawe na kuyatawanya. Kwa hiyo usiwaache wanafunzi wachimbe beseni kutafuta gololi na kusema kwamba DART nayo imo humo.

Uongo wa pili ni wa hewa. Darasani unga mwembamba huelea, husita, hushuka polepole. Angani hakuna hewa ya kuuzuia, na chembe ndogo kabisa huendelea na safari yake kama jiwe.

Uongo wa tatu ndio mkubwa, nao unahusu mvutano. Chukua chembe ya mchanga iliyoruka kwa mita 1 kwa sekunde kwa mshazari wa digrii 45: hapa duniani itaanguka umbali wa sentimita 10 tu, na beseni lako litakuwa na mwale mfupi usiotisha. Katika Dimorphos, kitu kinachohitaji kuuponyoka mvutano wake kinatosha kuwa na mwendo wa sentimita 9 hivi kwa sekunde, pungufu ya hatua ya mtoto anayejifunza kutembea. Chembe ile ile ya mita 1 kwa sekunde haitarudi tena. Kwa maneno mengine, karibu kila punje unayoiona imelala kuzunguka shimo lako ingekuwa imekwisha kupotelea angani. Wape wanafunzi dakika kumi za kulitazama beseni wakiwa na wazo hilo, wafute kwa kidole kila mwale ambao usingekuwepo. Wakimaliza, uso utabaki karibu mtupu, na hapo ndipo watakapouliza wenyewe: sasa vyote hivyo vilikwenda wapi?

Kuvigawa vifusi

Usiwape jibu moja, kwa sababu hakuna jibu moja. Chora ubaoni mafungu kwa kufuata mwendokasi, wa pole kwanza.

Vifusi vilivyotoka polepole mno, vile vilivyonyanyuliwa kwenye ukingo wa shimo mwishoni mwishoni, vilirudi na kulala juu ya Dimorphos. Vile vilivyopata mwendo kidogo zaidi viliweza kuiacha Dimorphos lakini si kuyaacha magimba yote mawili. Vilizungukazunguka kati yake, vingine vikaishia kumwangukia Didymos. Baada ya hapo ndipo yanapokuja mawe. Desemba 2022 darubini ya anga ya Hubble iliyaona mawe 37 yakiandamana na asteroidi hizo, madogo yakiwa ya mita 1 hivi na kubwa kuliko yote likikaribia mita 7, yakienda taratibu kwa mwendo wa kobe, chini kidogo ya kilomita moja kwa saa. Yaelekea mawe hayo hayakuvunjwa na mgongano. Yalikuwa yamekwisha kutawanyika juu ya uso wa Dimorphos, yakarushwa tu. Picha za LICIACube, zilipochambuliwa kwa uangalifu, zilionyesha mawe mengine 104 yenye mwendo wa hadi mita 52 kwa sekunde. Mwambie mwanafunzi abadilishe: ni kilomita 187 kwa saa, wakati treni ya SGR inayofika Dodoma ina mwendo wa juu wa kilomita 160 kwa saa. Na mbele ya mawe yote hayo ilikuwa imetangulia gesi na vumbi laini vilivyotoka mwanzo kabisa.

Hapa ni mahali pazuri pa kutaja jaribio la Japani, kwa sababu linaonyesha kwamba wahandisi wenyewe huviogopa vifusi. Tarehe 5 Aprili 2019 chombo Hayabusa2 kilirusha kipande cha shaba cha kilo 2 kwenye asteroidi Ryugu kwa mwendo wa kilomita 2 kwa sekunde. Kabla ya kipande hicho kufika, chombo chenyewe kilikimbilia nyuma ya asteroidi na kujificha, kikiacha kamera ndogo itazame kwa niaba yake. Shimo lililotokea lilizidi upana wa mita 10, kubwa ajabu kwa risasi ndogo kiasi hicho, na sababu ni ile ile ya mvutano hafifu na mawe yasiyoshikamana. Wanafunzi wa Tanzania wana haki ya kujua pia kwamba udongo ulioletwa kutoka Ryugu ulionekana kufanana na kimondo kilichoanguka Ivuna, kusini-magharibi mwa nchi yetu, mwaka 1938, na kwamba herufi I katika jina la kundi la vimondo vya CI ni ya Ivuna.

Ungo na mkia

Vumbi laini lina safari yake pekee, na hakuna kifaa kinachoieleza vizuri kuliko ungo. Toka nje sasa, maana safari hii upepo ni rafiki. Simamisha mwanafunzi anayejua kupepeta, na Dodoma hutamkosa, amimine uwele kutoka juu polepole upepo ukivuma kutoka ubavuni. Punje nzito huanguka karibu na miguu yake, punje nyepesi husogea kidogo, na makapi huenda mbali. Upepo umezisukuma zote, ila chembe ndogo ina uso mkubwa ukilinganisha na tungamo yake, kwa hiyo husukumika kwa urahisi zaidi.

Badilisha upepo uwe mwanga wa jua, na umepata mkia wa Dimorphos. Mwanga nao husukuma, kwa nguvu ndogo mno isiyohisika mkononi, lakini angani hakuna kinachoupinga, na vumbi laini hupeperushwa upande ulio mkabala na jua. Siku mbili tu baada ya mgongano, darubini ya SOAR iliyoko Chile ilipiga picha ya mkia wenye urefu unaozidi kilomita 10,000, zaidi ya mara 20 ya safari ya Dodoma hadi Dar es Salaam. Asteroidi ilikuwa imegeuka kwa muda kuwa kama nyotamkia. Onya tu kwamba mkia huo haukuwaka wala haukuwa moto, kwa sababu wanafunzi hupenda kuuchora kwa rangi nyekundu na ndimi za miali. Ulikuwa vumbi lililoakisi mwanga.

Kuakisi huko ndiko kulikowawezesha watu wenye darubini za nyumbani kushiriki. Katika darubini ya kawaida Didymos na Dimorphos ni nukta moja, wala huoni faneli wala mawe. Unachoweza kupima ni mng’ao. Usiku ule watazamaji wa Nairobi na wa kisiwa cha Réunion waliokuwa wameielekeza mitambo yao huko waliona nukta hiyo iking’aa ghafla karibu mara 8 ya kawaida, kisha ikafifia pole pole na kurudi hali yake baada ya siku 24 hivi, kadiri vumbi lilivyotawanyika. Wachoree wanafunzi grafu ya kupanda ghafla na kushuka taratibu, uwaulize kila sehemu ya mstari inasema nini kuhusu vumbi. Zoezi hilo halina gharama.

Bembea na hesabu

Rudi kwa mama wa kokoto. Mwanafunzi akae kwenye bembea iliyotulia, miguu ikiwa haigusi chini, na mwenzake amrushie mfuko wa mchanga wa kilo 2. Audake na kukaa nao. Pima bembea imerudi nyuma kiasi gani. Kisha arushiwe tena vile vile, lakini safari hii aurudishe mara moja kwa nguvu kule ulikotoka. Bembea itarudi nyuma zaidi, na angeweza kuurudisha kwa mwendo ule ule, msukumo wote ungekuwa maradufu. Dimorphos haikurudisha mfuko mmoja. Ilirudisha zaidi ya kilo milioni moja za mawe na vumbi, na kila kipande kilichoponyoka kuelekea DART ilikotoka kiliisukuma asteroidi upande wa pili.

Kiasi cha msukumo huo kinahesabika kwa kalamu. Zidisha tungamo ya chombo, kilo 580, kwa mwendokasi wake, mita 6,100 kwa sekunde: unapata momenta ya takriban 3,500,000. Igawe kwa tungamo ya Dimorphos, inayokadiriwa kuwa kilo bilioni 4.3, na jibu ni milimita 0.8 kwa sekunde. Hivyo ndivyo mwendo wa asteroidi ungebadilika kama DART ingezama kama gololi na kusingekuwa na vifusi. Badiliko lililopimwa ni milimita 2.7 kwa sekunde. Pengo kati ya tarakimu hizo mbili ni kazi ya vifusi, na ni zaidi ya mara mbili ya kazi ya chombo chenyewe.

Kwa kidato cha tano na cha sita ongeza hatua moja inayonifurahisha kila mara. Dimorphos ilikuwa ikimzunguka Didymos kwa umbali wa kilomita 1.2 hivi kwa saa 11 na dakika 55, kwa hiyo mwendo wake ulikuwa takriban milimita 176 kwa sekunde. Milimita 2.7 ni asilimia 1.5 ya hizo. Badiliko dogo la mwendo hubadilisha muda wa mzunguko kwa mara tatu ya asilimia yake, yaani asilimia 4.6, na asilimia 4.6 ya dakika 715 ni dakika 33. Hizo ndizo dakika ambazo darubini zilipima kwamba mzunguko ulifupika, wakati lengo la chini lililowekwa kabla ya safari lilikuwa sekunde 73 tu.

Karatasi za kufungiwa kwenye bahasha

Tungamo ya Dimorphos niliyoitumia hapo juu ni makadirio yanayotegemea umbo lake na msongamano wa mawe yake, na ndiyo maana watafiti hutaja kwamba vifusi vilikuza msukumo kwa kiwango kilicho kati ya mara 2.2 na mara 4.9. Wala hakuna picha iliyoonyesha shimo. Jambo hilo si geni: tarehe 4 Julai 2005, gimba la kilo 370 hivi la chombo Deep Impact lilipogonga nyotamkia Tempel 1, vumbi lilitanda kiasi kwamba shimo halikuonekana hadi chombo kingine, Stardust, kilipopita hapo mwaka 2011.

Safari hii anayekwenda kutazama ni Hera, chombo cha Shirika la Anga la Ulaya kilichorushwa tarehe 7 Oktoba 2024, kilichopita karibu na Mirihi Machi 2025 na kinachotarajiwa kuwafikia Didymos na Dimorphos mwishoni mwa mwaka 2026, kikiwa na vyombo viwili vidogo, Milani na Juventas. Kwa hiyo kila kikundi cha wanafunzi kiandike kwenye karatasi majibu ya maswali matatu, kwa kutumia beseni lake kama ushahidi: Hera itakuta shimo lenye ukingo, au asteroidi nzima itakuwa imebadilika umbo? Mawe ya Atabaque na Bodhran yatakuwa bado mahali pake? Na vifusi vilivyorudi vitakuwa vimelala kwa miale, au vimetanda sawasawa? Kila jibu liwe na sababu yake na mchoro. Ziweke karatasi kwenye bahasha, uandike nje jina la darasa na tarehe, uifungie kwenye kabati la maabara pamoja na gololi yenyewe.